Ukuta Haujakauka na Wageni Ni Kesho

Ijumaa, Mbinga. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na mimi sijaketi.

Kesho wazee wa kwao Yohana, mchumba wangu, wanapanda kutoka Liuli, kule ziwani, kuleta posa. Nyumba yetu wataiona kwa mara ya kwanza. Leo nimeitazama kwa macho yao, na sikuipenda.

Nimeanza na ufa wa sebuleni. Nimeujaza udongo uliokandwa na majivu, nikaulainisha kwa kitambaa chenye maji. Kwa baridi hii haukauki. Nimesogeza jiko la mkaa karibu na ukuta, na kila mara nageuka kuuangalia kama mtu aliyebandika maziwa. Meza iliyochubuka nimeipaka unga wa kahawa uliolowekwa. Mikwaruzo haionekani, ilimradi mtu asiifute. Bawaba za mlango nimezisugua kwa mshumaa. Bomba la uani linalovuja nimelifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Yote haya ni ya siku moja. Najua. Nilitaka hiyo siku moja tu.

Mama alikuwa kizingitini akichambua maharage, ananicheka.

"Wanakuja kuoa ukuta?"

"Mama, wataangalia."

"Waangalie. Kwani kwao ziwani nyumba hazipasuki?"

Nikacheka, nikaendelea na bomba. Kisha nikaona ameacha maharage, amesimama nyuma yangu, anatazama mikono yangu.

"Fungua, ufunge tena polepole. Nione unavyoanza."

"Ya nini, mama?"

"Si utakuwa Liuli."

Alisema kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. Nikafungua, maji yakaturukia, nikafunga tena mbele yake. Akajaribu mwenyewe. Vidole vyake havikuweza kuuvuta mpira ukakaza. Maji yakaendelea kudondoka.

"Nitazoea," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Tangu baba afariki, tuko wawili tu humu.

Sijatulia tangu hapo. Nampenda Yohana, hilo sina shaka nalo. Lakini siku nzima nimehangaika na watakachokiona wageni. Sikujiuliza mama ataona nini humu ndani nikishaondoka.

Kesho shangazi ataniita sebuleni aniulize, kama ilivyo desturi, iwapo nawafahamu wageni hawa. Nikisema siwafahamu, watakunywa chai na kurudi kwao. Nikisema nawafahamu, posa inapokelewa.

Nitasema nawafahamu. Halafu, kabla sijainuka, nitasema na jambo ambalo binti haulizwi: kwamba tutaishi hapa Mbinga. Yohana nitampigia jioni hii, asije akalisikia kwa mara ya kwanza mbele ya wazee wake. Sijui atajibu nini. Nimeshika simu, nimeiweka, nimeishika tena.

Shangazi atanifinya.

Acha anifinye.