Dua ya Safari ya Kaka Sufiani

Siti, shoga yangu, uko wapi? Huku Mchukwi kaka Sufiani kajifungia chumbani, hata chai hataki.

Jana alikuja kumuuliza mama tu. KUMUULIZA! Kampuni moja ya ndege ya Uarabuni imemwita, lakini akienda anaanza upya, anakalia kiti cha rubani msaidizi, yeye aliyekuwa kapteni miaka yote hii. Hajui aende au abaki.

Mama alichosikia ni "nimeitwa Uarabuni", basi. Asubuhi kaka anatoka kuoga, anakuta mikeka imetandikwa uani, pilau liko jikoni, shehe keshafika, na ndugu wa Mahege nao hao. Dua ya safari!

Dua, Siti! Kaka kasimama na taulo begani, anasema, "Mama, mbona sijaamua bado?" Mama anamjibu, "Kaa chini, mwanangu, shehe ameshaanza."

Akakaa. Watu wakaitikia amina, na yeye akaitikia amina. Angefanyaje?

Sasa sikia. Watu wameondoka, mama anakusanya masinia, anamuuliza, "Hiyo ndege mpya nayo itapita hapa juu ukiwa unaenda Mtwara?" Si unajua kila akiisikia ndege ya kaka ikipita hutoka uani akaipungia kanga?

Kaka akasema, "Haipiti huku, mama."

Mama akaketi palepale, sinia mapajani. Halafu akasema, "Na mimi nimeshaitikia amina."