Ukuta Anaoutazama Mzee

Nyumbani kwetu,
Nyumba ya mwisho, nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zetu, nyingi kuliko karatasi hii itakavyoweza kubeba. Hujambo huko? Baridi imepungua, au bado unatembea umejifunga kama furushi? Na kifua chako kile kinachokohoa kila msimu, kinasemaje? Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Wifi yako ni mzima, mgongo tu. Mimi ni mzima, isipokuwa kidole gumba cha kushoto, ambacho nimekigonga nyundo tena baada ya miaka thelathini ya useremala. Usicheke.

Mzee yupo. Nimeandika "yupo" nikakaa nikilitazama neno hilo, kwa maana sina jingine la kuweka mahali pake.

Ninaandika kwa kalamu kwa sababu simu zangu hupokei. Hii ni wiki ya tano. Wifi yako unamjibu kwa maneno mawili matatu, kama mtu anayelipia kila herufi. Mimi hata hayo sipati. Najua sababu, na ndiyo habari ya barua hii. Shemeji yake nesi anayekuja kumhudumia Mzee anasafiri kesho kuja huko. Amekubali kuibeba mfukoni na kukukabidhi mkononi Jumanne. Tafadhali isome hadi mwisho, hata pale nitakapokukera.

Nianze na runinga uliyotutumia. Siku ilipofika tuliibeba watu watatu, polepole, kama tunambeba mgonjwa. Inchi hamsini na tano! Nawe hukuishia hapo. Ukanitumia kwenye simu picha kumi na moja za sebule za watu: runinga iliyozungushiwa fremu kama mchoro, runinga iliyofichwa ndani ya kabati lenye milango ya kuteleza, runinga iliyopachikwa juu ya mbao huku taa zikiwaka nyuma yake utadhani jua linachomoza ukutani. Chini ukaandika: "Kaka, nakuomba, usiiweke juu ya friji." Sijawahi kuweka runinga juu ya friji. Niliweka redio, tena mara moja tu.

Basi nikachagua ile ya mbao. Unajua tena kaka yako akiambiwa hawezi. Nikapasua fito nyembamba za mkangazi, nikazipiga randa, nikazisugua msasa mara tatu, vanishi mara mbili, nikazisimamisha toka sakafuni hadi darini. Nyaya nikazichimbia ndani ya ukuta. Chini nikaweka rafu ndefu isiyo na mguu wala msumari unaoonekana, na nyuma ya runinga nikapitisha taa za utepe, kama kwenye picha zako. Povu la pimamaji likatulia katikati kabisa. Shangazi alipoingia alisimama mlangoni, viatu mkononi.

"Hii ni sebule au benki?"

"Sebule, Shangazi. Karibu."

"Mimi nitakaa huku jikoni. Hapo naogopa kuombwa kitambulisho."

Nikavimba kichwa wiki nzima. Mtu mwenye jina la utani la Futi, aliyepewa kwa sababu hatoki nyumbani bila kamba ya kupimia kiunoni, nikaona sasa jina limenienea.

Sasa nikueleze chumba kilivyo, maana hujakiona tangu Mzee apate kiharusi. Kitanda chake tulikileta sebuleni kwa sababu kiti cha magurudumu hakipiti kwenye ule mlango mwembamba wa chumbani. Kichwa kimegusa ukuta wa nyuma, miguu imeelekea ukuta wa mbele. Upande wake wa kushoto haufanyi kazi kabisa. Shingo haigeuki. Maneno yameisha, imebaki "mm" na mkono wa kulia. Kwa hiyo ana ukuta mmoja tu duniani, huo wa mbele.

Na kwenye ukuta huo palikuwa na picha ya Mama. Unaikumbuka, ile aliyopigwa uani, anacheka huku ameweka mkono juu ya paji la uso kuzuia jua. Tangu atutoke miaka sita iliyopita, hadi kiharusi kilipomnyima maneno, Mzee alikuwa akiisalimia kila asubuhi kabla ya kutusalimia sisi. "Umeamkaje, bibi?" anasema, ndipo anaomba chai. Nilikuwa nikimsikia. Nilikuwa nikimtania. Kisha siku ya kupachika runinga yako niliishusha picha hiyo kwa mikono yangu miwili, nikaipangusa vumbi, nikaitundika ukuta wa nyuma, juu ya kichwa cha kitanda. Nikamwambia wifi yako kwamba hapo wageni wataiona vizuri. Wageni, Chiriku! Wageni gani?

Toka siku hiyo Mzee akabadilika. Tukiwasha runinga anaguna na kupiga godoro kwa ule mkono wa kulia. Tukadhani hasikii, tukaongeza sauti. Akazidi. Tukadhani hapendi taarifa ya habari, tukamwekea mpira. Tukamwekea wanyama, mahubiri, mapishi. Niliwahi kumwekea watu wanaocheza dansi, nikacheza na mimi mbele ya kitanda, mzee mzima na tumbo langu, ili acheke. Alifumba macho. Wifi yako ndiye aliyeona kitu.

"Baba anaipenda ikiwa imezimwa," alisema. "Umeme ukikatika mchana anatulia, anaikodolea macho hiyohiyo."

"Na mimi nakupenda ukiwa umenyamaza," nikamjibu, nikacheka peke yangu. Hakucheka. Ningemsikiliza siku ile, barua hii isingekuwapo.

Ndipo ikaja ile Jumapili uliyotupigia simu ya video. Nilikuwa nimejifunza kuunganisha simu na runinga, nikajiona mhandisi. Ukatokea. Uso wako ulikuwa mkubwa kuliko meza ya chai, hadi kale kakovu ka ulipoanguka kwenye ngazi kalionekana. Ukasema, "Baba, ni mimi." Naye akauinua mkono, akaupeperusha hivi, toka, toka, kama anafukuza nzi. Akaguna. Akafumba macho, machozi yakateremka hadi sikioni.

Ukasema, "Kaka, hanitaki. Zima." Kabla sijatafuta kitufe ukawa umekata mwenyewe.

Najua ulichokifikiria, kwa sababu mimi pia nilikifikiria, na sikuwa na ujasiri wa kukupigia nikukanushie. Ulifikiria siku ulipoondoka, mwezi mmoja baada ya kumzika Mama, na Mzee akakataa kutoka chumbani kukuaga. Ulikaa na begi pale kwenye kochi hadi teksi ikapiga honi mara tatu. Ukajiambia kwamba bado hajasamehe, na sasa hata ulimi umemwisha wa kusamehe nao.

Sikiliza basi, mdogo wangu.

Alhamisi iliyopita Shangazi alilalamika kwamba runinga iko juu mno, shingo ya kaka yake itaumia. Kwa mara ya kwanza nikakubali kukosolewa kazi. Nesi na wifi yako wakampeleka Mzee kuogeshwa, nami nikasema nitaishusha kidogo. Ili nijue kiasi gani, ilibidi nilale kitandani, nitazame kwa macho yake. Nikavua viatu, nikapanda, nikaegemeza kichwa kwenye mto wake palepale penye bonde. Pazia lilikuwa wazi, jua la saa nne linaingia dirishani. Runinga imezimwa.

Nikamwona Mama.

Alikuwa ndani ya kile kioo cheusi, mdogo kama kiberiti, mkono wa kwenye paji la uso umehamia upande wa pili, lakini anacheka. Ni ile picha ya juu ya kichwa changu inayojionyesha kwenye kioo. Ukikaa kwenye kochi huioni. Ukisimama huioni. Inaonekana kwa mtu mmoja tu katika nyumba nzima, tena aliyelala mahali pamoja tu. Miezi miwili na nusu baba yetu alikuwa akimtafuta mkewe kwenye runinga iliyozimwa, na kila tulipoiwasha tulikuwa tunamwondoa. Akiguna, tunaongeza sauti.

Sijui nililala pale muda gani. Nesi akaingia kuchukua taulo.

"Fundi, sasa mgonjwa ni wewe?"

Alinitazama, akachukua taulo, akatoka bila neno jingine. Yule mama ana adabu.

Kwa hiyo Jumapili ile hakukufukuza wewe. Alikuona, na huenda alikujua pia. Hilo siwezi kukuapia. Lakini nilikuwa nimekuweka mbele ya Mama, Chiriku, na mkono ule ulikuwa unakuomba usogee kidogo. Kosa ni langu. Nilipima ukuta, nikapima runinga, nikapima hadi nafasi ya maua ya plastiki, na sikumpima yeye.

Runinga niliifungua siku hiyohiyo, skrubu nne. Sasa imesimama nyuma ya kabati letu, imefunikwa blanketi, na utanisamehe kwa hilo. Picha ya Mama nimeirudisha ukuta wa mbele, katikati ya fito zile, taa za utepe zinamzunguka. Picha ni kama sinia, mbao ni kama geti la mjengo. Kichekesho kitupu. Shangazi alipoiona aliweka viatu chini, akaingia, akakaa.

Natamani nikuambie kwamba Mzee alipona. Walipomrudisha toka kuogeshwa alitazama ukuta muda mrefu. Akasema "mm", lakini si ile ya kuguna, ni ile ya mtu aliyeitikiwa. Siku hiyo alikula vijiko sita vya uji. Juzi vinne. Jana viwili, na cha pili kilirudi. Anameza kwa shida, kifua kinakoroma, miguu imevimba. Anafumbua macho asubuhi tu, labda nusu saa, anautazama ukuta, kisha anazama tena. Nilimwuliza nesi kwa kificho, jikoni, kama bado tuna miezi. Alikuwa anaosha mikono. Akasema, "Mwite dada yako. Asisubiri likizo." Kisha akaendelea kuosha mikono ambayo tayari ilikuwa safi.

Siwezi kukuficha kwamba kuna uwezekano ufike umechelewa. Lakini pia siwezi kukuacha huko ukiamini jambo la uongo ambalo nilikutengenezea mimi kwa randa na msasa.

Nimepata ujumbe wako kwa wifi yako kwamba unataka kutuma spika za kuwekwa chini ya runinga. Usitume spika. Miaka sita umetutumia vitu, na nyumba imejaa, na sisi tunashukuru, na kila kitu umekituma isipokuwa wewe. Nimekukera? Nilikuonya.

Ijumaa nilikwenda karakana nikatengeneza kiti. Ni kifupi, hakina mgongo, nimetumia vipande vilivyobaki vya fito za mkangazi. Kinakaa chini ya picha, mbele ya miguu ya Mzee. Nilitaka mtu akikikalia, kichwa chake kiishie pale fremu ya Mama inapoanzia, kisimfunike hata kidogo. Urefu wako niliutoa kwenye ule mstari wa penseli mlangoni, aliouchora Mzee mwenyewe siku ulipomaliza shule. Kama umerefuka tangu hapo, au kama huko wamekunenepesha hadi kiti kikatoa mlio, lawama si zangu. Wifi yako alikaa kwa niaba yako, ameinama kidogo kwa kuwa anakuzidi urefu, huku akilalamikia mgongo.

Na safari hii nilipima nikiwa nimelala. Shangazi alimwegemeza Mzee pembeni kidogo, nikajibana kando yake, shavu langu karibu na shavu lake, nikatazama. Mama juu, kiti chini. Hakuna kinachomziba mwenzake. Mzee alikuwa macho. Nilimwambia sikioni kwamba hapo atakaa Chiriku. Mkono wa kulia ulikuwa kifuani, haukupunga, haukufukuza. Ulitulia tu.

Shangazi anakusalimu sana, anasema ukija usimletee viatu, anavyo. Wifi yako anakusalimu na anakuombea safari nyepesi, ameshatandika kitanda chako cha zamani. Nesi, ambaye humjui, naye ameniambia nimtaje. Mzee siwezi kusema anakusalimu. Nasema anautazama ukuta.

Mungu akulinde barabarani na angani, akufikishe mlango ukiwa wazi na macho ya baba yetu yakiwa wazi. Uje asubuhi, kama utaweza kuchagua. Pazia nitakuwa nimelifungua.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata usipopokea simu,

Futi