Chaja Kwenye Waya wa Diodi

Jumatatu, 3 Machi
Tangu Krismasi sijaandika neno. Sina udhuru, ninajiomba radhi. Leo nilipanda Tukuyu kama kawaida kukagua mtambo wa redio ya usharika. Bado masafa yanatikisika, sauti inakwaruza. Ambokile, mpwa wangu anayeiongoza redio, ameongeza muziki ili kelele isisikike. Inachefua.

Jumatano, 5 Machi
Chanzo nimekiona. Diodi, kile kijipande kidogo kinachorekebisha masafa ya mtambo, hufuata volti inayopewa. Volti ikiwa chafu, masafa nayo hutetemeka. Wachuma chai huacha simu studioni zichajiwe, na chaja zote zimeunganishwa kwenye waya uleule wa diodi. Nilizichomoa. Mama mmoja alinicheka: "Baba, hako kadudu kako ndiko kanakomaliza umeme wetu?" Sikucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Kinyaa kitupu. Jana jioni lilisomwa tangazo la msiba wa kule kijijini Kinyala, likamezwa na mkwaruzo. Nilipoondoka tu, chaja zilirudishwa. Mdogo wa marehemu anaishi Lufingo. Alifika leo, kaburi limekwisha kufukiwa. Waliompigia hawakumpata: simu yake ilikuwa studioni, ikichajiwa.

Ambokile alisema, "Mjomba, watu wanahitaji chaji."
"Na ndugu wa marehemu hakuhitaji kuzika?"
Akachomeka simu nyingine. Hana haya.

Jumamosi, 8 Machi
Nimefanya kazi peke yangu. Diodi nimeipa betri yake yenyewe na kichujio cha rizista na kapasita cha kusafisha volti. Nimeilehemu na diodi nyingine, mgongo kwa mgongo. Kisha nimeipunguzia mamlaka: sasa inayasogeza masafa kidogo tu. Ilikuwa imepewa uwezo mkubwa bila sababu. Jioni sauti ilitoka safi.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada nilipita studioni. Betri ya diodi imefungiwa chaja za simu. Simu zimejaa mezani. Nimemwambia mwenyekiti wa kamati ya redio: chaja zitoke studioni, au nirudishe ufunguo wa mtambo niache kazi.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua tangu alfajiri. Chaja nimezichomoa, betri ni ya diodi peke yake tena. Yule bwana wa Lufingo alifuata simu yake. Hakuiwasha. Aliketi, akasikiliza tangazo la msiba mwingine mpaka mwisho, kila jina likisikika. Aliniuliza kama hata la kaka yake lingaliweza kusikika hivyo.
Nilimjibu ndiyo.
Kamati inakutana Ijumaa. Ikiamua, nitaandika.