Nondo za Shimo Moja

Nakawa, Kampala
Jumanne asubuhi

Kwa dada yangu mpendwa Kulthum,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na shemeji Jibril, na mwanenu Nuriat ambaye naambiwa siku hizi anawaamuru wateja utadhani duka ni lake. Sisi huku hatujambo, ila usingizi umenikimbia. Utashangaa kuandikiwa na ndugu yako wakati kwenu Mbuya na hapa Nakawa ni pua na mdomo. Simu yako haipatikani tangu jana, na haya afadhali uwe nayo kwa maandishi.

Habari yenyewe ni ya lile bango la matangazo tulilosimamisha nyuma ya duka lako. Wewe ulilisifia kivuli. Mimi siku hizi natazama miguu yake tu.

Kabla ya kumwaga zege, Injinia Valarie alitueleza kwamba upepo ukilisukuma bango, bolti zinavutwa juu, na zege likiwa peke yake hupasuka likang'oka nazo, kama mche unavyotoka na udongo wake. Ndiyo maana akaagiza kila shimo liwe na nondo zilizokunjwa, zisimame karibu na bolti na kushuka chini kabisa, zilishike zege hata likipasuka. Akataka apigiwe picha ya kila shimo. Alipata picha nne, akatusifu sana.

Jumapili, baada ya ule upepo, nilipita kukagua. Kwenye shimo la pili nilikuta ufa umezunguka bolti, mviringo kama sahani. Msimamizi wetu Okwera alicheka, akaniambia nipake saruji. Nikapaka. Jana ufa ulikuwa umerudi, na ukucha wangu uliingia.

Nimezunguka mno, dada. Nondo zilikuwa za shimo moja tu. Nilizifunga kwenye shimo la kwanza, zikapigwa picha, nikazitoa, nikazihamishia la pili, hivyo hivyo hadi la nne. Okwera ndiye aliyesema nyingine zimechelewa na zege limeshachanganywa, lakini mikono ni yangu. Kisha nikaja kunywa chai kwako bila kukwambia. Naona aibu, na naogopa.

Barua hii anakuletea kijana wa bodaboda; mimi naelekea kwa Injinia Valarie sasa hivi. Okwera akikana, mwonyesheni Injinia barua hii. Wewe mchukue mtoto, funga duka, usingoje mteja amalize. Upepo umeanza tena.

Nisalimie wote, lakini mkishatoka.

Mdogo wako,
Abdunoor