Gilasi Zangu Zilikuwa Zinainama, Sasa Zimenyooka na Nimekwisha

Mpendwa Mshauri Nabiswa,

Nisaidie kabla ya Jumamosi, na ukiona barua hii ina madoa usidhani ni machozi, ni maji ya ndoo, kwa sababu naiandika kazini wakati wa chai, nimeegemea lile lile gazeti lililonijulisha kwako. Nikueleze. Sisi tunaojifunza kupuliza kioo hatuwezi kushika kioo cha moto kwa mkono, kwa hiyo tunakunja gazeti mpaka linakuwa nene kama chapati nane zilizopangwa, tunalilowesha, kisha tunalitumia kama kiganja cha kuviringishia kioo kikiwa bado laini na chekundu. Magazeti tunapewa na muuzaji wa pale steji kila Jumatatu, yale yaliyokosa wateja wiki iliyopita, na ndiyo maana ushauri wako nimeusoma mwaka mzima lakini nusu nusu. Yule mama wa Kayole ambaye mumewe alikuwa anaongea na kuku, hadi leo sijui ulimwambia nini. Pale penye jibu palikuwa pameungua.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tisa, naishi Umoja, nina mke mmoja, watoto watatu na magoti mawili yasiyoelewana. Nilikuwa karani wa stoo miaka ishirini na miwili mpaka kampuni ikafunga milango, nikakaa nyumbani miezi minne nikimfundisha mke wangu namna ya kupanga sufuria, naye akaniambia kwa upole nitafute kazi kabla hajanitafutia hospitali. Nikapata nafasi ya kujifunza katika karakana moja inayoyeyusha chupa kuukuu zinazookotwa jaani Dandora na kuzigeuza gilasi, majagi na vivuli vya taa. Mwalimu wetu ni binti anayeitwa Hibaq, ana miaka ishirini na sita, yaani koti langu la harusi ni kubwa kwake kiumri, lakini akishika lile bomba la chuma la kupulizia unasahau umri wake na hata wa kwako.

Pale kwetu mtu hupanda ngazi kwa ngazi, hakuna kuruka. Kwanza unafagia na kuchambua chupa, kijani huku, nyeupe kule, na kubandua karatasi zake, miezi mitatu. Kisha unafungua na kufunga mlango wa tanuri, na hapo ndipo nyusi zangu zilipobaki. Kisha unajifunza kuchota kioo kwa ncha ya bomba na kutengeneza vitu visivyo na tundu, kama vile vizito vya kukandamizia karatasi, na kwa bahati yangu hicho ndicho chombo pekee ambacho kikienda upande hakuna anayegundua. Halafu ndiyo gilasi. Ukipuliza gilasi sita mfululizo zinazofanana, mwalimu akiwa amesimama hapo, unahitimu na kuanza jagi. Ya tano ikiharibika, unarudi kwa ya kwanza.

Na kuna kanuni moja, Mshauri, na ndiyo iliyonileta kwako. Gilasi iliyoharibika haitoki nje. Aliyeitengeneza anaivunja mwenyewe kwa mkono wake ndani ya pipa, irudi tanurini. Hibaq husema usipoweza kuivunja hujaliona kosa lake.

Mimi nilianza gilasi mwezi wa Pili. Ile ya kwanza ilipotolewa asubuhi kwenye tanuri la kupozea, ilikuwa imeinama upande mmoja kama mtu aliyeegemea ukuta anasikiliza umbea wa jirani. Triza, mwenzangu tunayejifunza naye, zamani alikuwa msusi na vidole vyake vina akili kuliko kichwa changu, akaitazama akasema, "Buda, hii ni gilasi ama ni mtu ametoka kilabuni?" Watu wakacheka, nami nikacheka, nikaibeba kuelekea pipani. Lakini Mshauri, katika miaka yangu yote nilikuwa sijawahi kutengeneza kitu. Nilikuwa nahesabu vitu vya watu wengine. Nikafika kwenye pipa, nikavunja chupa ya kawaida ili ule mlio usikike, na gilasi nikaitia kwenye mkebe wangu wa chakula.

Ya pili ikafuata, na ya tatu, na kufikia mwezi wa Tano zilikuwa kumi na tatu kabatini kwangu, zote zimeinama kuelekea upande mmoja kama waumini wakati wa sala ndefu. Mke wangu Ndindi akaniuliza, "Baba Kaluki, mbona zinalala?" Nikamwambia ni mtindo. "Mtindo wa wapi?" Wa ng'ambo. Akafurahi sana, akampigia dada yake simu kumwambia kwamba mumewe sasa ni fundi mkuu, na mimi nilikuwa pale, na mdomo nilikuwa nao, na sikuutumia, jambo ambalo wanaonijua watakwambia ni nadra.

Sasa sikiliza lililotokea. Ndindi anauza sambusa, na mteja wake mmoja ni Batulo, mwanamke mfanyabiashara ambaye anafungua duka la juisi. Ndindi akampa gilasi mbili zawadi, akamwambia akitaka nyingine aende pale karakanani "amuulize fundi mkuu", akitumaini nitashtukia mteja mkubwa ananiita kwa cheo. Basi Jumanne iliyopita Batulo akaingia, akamuulizia fundi mkuu, naye bila shaka akaonyeshwa Hibaq. Akaitoa gilasi yangu kwenye mkoba, akaiweka mezani, ikainama.

"Nataka sitini kama hii," akasema. "Za kunyooka ziko kila mahali. Hii ina tabia."

Hibaq akaigeuza, akaona ile rangi ya kijani ya chupa zetu, akaniangalia mimi, akamwangalia Triza, akatuangalia wote. Mimi nilikuwa tayari nimevaa ngao ya uso na kujifanya nakagua tanuri, na nililikagua dakika ishirini, Mshauri, mpaka kidevu kikaanza kuiva. Batulo alipoondoka, Hibaq akasema, na sauti haikupanda hata kidogo, "Aliyeitoa hii nje anajua kanuni. Ni ufagio, miezi mitatu. Na kama anaijua kazi yake atuonyeshe alivyoifanya, kwa sababu mimi siwezi."

Na kweli hawezi. Tangu siku hiyo amejaribu, mkono wake unakataa, gilasi inatoka imenyooka kama askari wa gwaride. Triza amejaribu, yake moja ikaanguka kama ugali wa maji mengi. Nami nimejaribu kwa siri, nikisema afadhali nikitubu niwe na kitu mkononi, na hapo ndipo moyo wangu ulipokufa: zangu nazo zimenyooka! Nilikuwa sijagundua kwamba kosa lenyewe limenitoka. Kuanzia mwezi wa Tano zilianza kusimama zenyewe, ni kama vile mkono umebadilishwa, na sijui ni kwa nini, sijabadili bomba wala benchi wala chakula. Mambo ni yale yale, isipokuwa Hibaq alinipiga marufuku kusimulia hadithi nikiwa na bomba, akaniambia, "Mzee, hapa mdomo una kazi moja tu," basi siku hizi nafanya kazi kimya kama mgeni kwa wakwe.

Jumamosi hii ndiyo siku yangu ya gilasi sita. Naamini nitaziweza. Nikinyamaza, nitahitimu, nitaanza jagi, na kila nikishika jagi nitamwona Hibaq akihangaika na sitini za watu. Nikisema, narudi kwa ufagio nikiwa na miaka hamsini kasoro mwaka, mke wangu atajua cheo changu halisi, na juu ya aibu hiyo nitaambiwa niinamishe, nami siwezi tena hata kukosea. Mshauri, mtu aliyepoteza hata kosa lake amebaki na nini?

Jina langu tafadhali lifiche.

Ni mimi, Mwanafunzi Mwenye Mvi, Umoja.

*

Mwanafunzi Mwenye Mvi,

Pole. Sasa kaa chini nikugombeze.

Jina lako nimelificha. Lakini umenitajia mwalimu, mke, mteja, sambusa na tanuri. Karakana za kioo Eastlands si nyingi kama vinyozi, ndugu yangu. Jina ndilo kitu pekee ulichokificha katika barua nzima, na halitakusaidia.

Gilasi ya kwanza nakusamehe. Mtu aliyehesabu vitu vya wengine miaka ishirini na miwili akishika chake mara ya kwanza, mkono unagoma kuvunja; hilo nalielewa na hata Hibaq atalielewa. Ya pili nayo, haya. Lakini kumi na tatu? Na kila mara unavunja chupa ili mlio usikike? Hiyo si huruma, huo ni mchezo wa kuigiza, na umeuigiza mbele ya mtu anayekufundisha kazi yake bila kukuficha kitu.

Na mkeo. Mwanamke anauza sambusa, anakutangaza kwa wateja wake, anakutafutia soko bila wewe kumwomba, nawe unamwachia aibu ya kuja kusikia kwa Batulo kwamba fundi mkuu ni binti. Ulisema mdomo ulikuwa nao na hukuutumia. Siku uliyopaswa kuongea ndiyo siku uliyochagua kupumzika!

Nije kwenye lile unaloliita fumbo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kuna sentensi humo ndefu kama Jogoo Road. Nikajiuliza, mtu anayeandika hivi anaongeaje? Mimi sijui kioo, lakini napika uji, na najua kwamba mwiko ukisimama uji unakwenda unakotaka wenyewe. Nimempigia jirani yangu Mbugua, fundi wa kuchomelea, akaniambia kioo laini ni vivyo hivyo: bomba lisipozungushwa muda wote kinateremka upande. Basi nikakuona waziwazi. Unazungusha, unasimulia, unafika pale hadithi ilipo tamu, mkono unasimama ili nao usikilize, na gilasi inainama. Umeandika mwenyewe: gilasi zilinyooka mwezi wa Tano, na hapo hapo ukataja marufuku ya hadithi. Mambo mawili umeyaketisha kwenye kiti kimoja na hukuyatambulisha!

Kwa hiyo hujapoteza kosa lako, baba. Umejifunza kazi. Hilo ndilo limekutisha, kwa kuwa hujazoea.

Sasa fanya hivi. Leo ni Alhamisi, na natumaini gazeti hili umelinunua bila kungoja la bure la Jumatatu. Jioni hii mwambie Ndindi, kabla ya chakula na si baada, asije akadhani umeshiba ndiyo maana una ujasiri. Mwambie cheo chako: mwanafunzi wa gilasi, anayekaribia jagi. Atanuna. Mwache anune, amelipia. Kesho asubuhi zipange gilasi kumi na moja zilizobaki ndani ya kikapu, uende nazo karakanani uwe wa kwanza kufika. Mwalimu akiingia usianze na historia ya maisha yako. Sema, "Mwalimu, ni mimi." Maneno matatu, najua yatakuuma. Kisha zivunje ndani ya pipa moja baada ya nyingine, yeye akiona, na kwa kila moja useme ilikosewa wapi. Zile mbili za Batulo usiziguse, ni zawadi, si zako tena.

Baada ya hapo mwombe bomba. Mwombe Triza akuulize siku ile kampuni ilipofunga ilikuwaje. Simulia. Ukifika patamu, acha mkono wako ufanye ulivyouzoesha. Ikitoka imeinama, mfundishe mwalimu wako. Naye ataipata kwa njia yake, kwa kujua ni wapi pa kusimama, maana fundi hukosea kwa makusudi na mwanafunzi hukosea kwa kujisahau. Sitini hizo basi zitapatikana, nanyi mtamaliza wiki nzima mkisikia habari za stoo yako, Mungu awape subira.

Kuhusu Jumamosi, ni yeye atakayeamua. Akisema ufagio, chukua ufagio na usiseme lolote kuhusu magoti. Miezi mitatu si mingi, na mkono uliojifunza kuzungusha haurudi nyuma kwa kufagia. Akikupa mtihani, ufanye kimya.

Yule mama wa Kayole nilimwambia ajaribu kukaa na mumewe jioni amsikilize, kwa sababu kuku alikuwa anamsikiliza. Nimeona nikuambie, usije ukafa hujui.

Jambo la mwisho. Umeniambia magazeti yaliyokosa wateja huwafikia Jumatatu. Hili pia litafika, na ukurasa wangu ni wa kati, gazeti likikunjwa ndio unaobaki juu, karibu na kidole gumba cha mwalimu. Bila shaka Hibaq husoma kabla ya kulowesha. Mtu mwangalifu kama huyo hawezi kukosa. Una siku nne tu za kumtangulia, na mtihani uko katikati. Heri ayasikie kutoka kwa ule mdomo wako wenye kazi moja tu, kwa sababu kesho asubuhi kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Nabiswa