Baridi ya Buchani

Kwako dada yangu mpenzi,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Sisi tunajikongoja. Joto la mwaka huu sijawahi kuliona. Nashona na kitambaa kibichi shingoni, na bado jasho linadondokea nguo za watu.

Uliuliza mbona nimenyamaza. Nilikuwa namchunguza shemeji yako. Unajua kazi yake ni kuezeka mabati, na bati la siku hizi linachoma hata kupitia viatu. Lakini akawa anarudi jioni mwili wa baridi, ananuka nyama mbichi. Chakula hataki. Chooni anajifungia, kisha anamwaga maji ndoo nzima. Nikimuuliza, ni uchovu tu.

Halafu fundi mwenzake akateleza ulimi: tangu adhuhuri mume wangu haonekani kazini, yuko kwa mama wa bucha, yule mjane anayecheka na kila mtu. Nikasema lisemwalo lipo. Nikapekua mifuko, nikanusa mashati. Usoni nacheka, moyoni nawaka.

Juzi nikaacha gauni la bibi harusi mezani, nikaenda mwenyewe. Mama wa bucha aliponiona akaweka kisu chini.

“Afadhali umekuja,” akasema. “Nimechoka kumfichia.”

Akafungua chumba cha baridi. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kreti katikati ya mapaja ya ng'ombe, kajifunika koti la mama yule. Nikamuuliza anajificha nini humo.

Akaniambia kwamba alishazimia juu ya paa, na mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi. Daktari alisema figo zimeanza kuumia kwa joto na kukosa maji, ndiyo maana jua likiwaka hukimbilia hapo kujipoza. Alinificha kwa ajili ya ujauzito wangu. Ndiyo, dada, nina mimba. Ukimtoa yeye, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Sasa anaezeka alfajiri tu, jua likipanda anashuka kwenda kukata nyama buchani. Lakini sijaacha kumshuku. Akisema hajambo, namwambia nionyeshe.

Na shemeji yangu huko naye anashinda juani akijenga. Muulize mkojo wake una rangi gani. Akijibu ni wa kawaida, usimwamini.

Wabusu watoto, na mama mfikishie salamu zangu, ila la mimba niachie nimwambie mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Cherehani