Msumeno wa Shemeji Yusuf

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimefagia karakana baada ya alfajiri. Karakana ni jina la heshima tu. Ni kibanda cha mabati kando ya lango, hapa mtaani Iftin: benchi, randa za mkono, misumeno iliyonolewa vizuri. Miaka yote nimewakejeli wanaoabudu injini. Niliwahi kuandika gazetini kwamba mashine humpumbaza fundi.

Leo nimeukana msimamo huo bila kumwambia mtu. Nataka mashine. Kubwa.

Hibo, kifungua mimba wangu, anaolewa Desemba, mjini Takaba. Kitanda chake cha arusi hakitengenezwi na baba yake. Anakitengeneza Yusuf, kaka ya mke wangu, aishiye huko huko. Amenunua msumeno wa meza. Mke wangu, Saadia, alinipa habari huku akikoroga unga wa mkate wa anjera, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Nikasema ni vyema. Sikumaanisha.

Jumatano, 8 Oktoba

Yusuf ametuma video kwenye kundi la familia. Meza ya chuma, pana. Jenereta inanguruma. Ubao unaingia mmoja, unatoka vipande viwili vilivyonyooka kama swafu ya msikitini.

Simu ikazunguka sebuleni. Mama mkwe: mashallah. Saadia: mashallah. Hibo akaisema na kuirudia. Ikanifikia. Nikatazama mara mbili, nikaipitisha. Kimya.

Saadia aliniangalia. Kwetu, ukiona kitu kizuri cha mwenzako bila kusema mashallah, watu wanausikia ukimya wako. Upuuzi. Nimeshaandika kwamba jicho baya ni elimu ya wavivu wa kufikiri. Ukimya wangu haumdhuru mtu.

Nimeona na jambo jingine. Ameing'oa kinga ya juu ya diski, pamoja na kile kibati cha nyuma kinachozuia ubao usiyabane meno. Kosa la mwanafunzi. Nimeliweka akiba. Siku ya arusi nitalimwaga mbele ya wazee, nione atakavyojitetea.

Ijumaa, 10 Oktoba

Dukani baada ya swala. Mashine tatu zimepangwa: randa ya umeme, msumeno wa meza, msumeno wa mkanda.

Mbao nilizonazo ni za mti wa mathenge. Ngumu, fupi, zimepinda kama siasa za kaunti. Kwa mbao za namna hiyo kila kitabu nilichosoma kinasema jambo moja: chukua wa mkanda. Ukanda mwembamba wa meno unaozunguka magurudumu mawili, moja juu, moja chini. Unasimama wima, nafasi yake haizidi ya friji. Hauurushi ubao. Haupigi kelele za kuita majirani pia, na hapo ndipo uliponichukiza.

Muuzaji akauliza natengeneza nini. Nikamwambia kitanda, kabla mtu mwingine hajakimaliza. Akacheka. Sikuwa natania.

Nimechagua wa meza. Mpana kuliko wa Yusuf. Nimemwambia aniwekee hadi kesho.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemwita fundi wa stima. Akatazama picha ya mota, akatikisa kichwa. Inataka umeme wa fezi tatu. Nyumba yangu ina moja. Nikabishana naye. Nimebishana na madiwani, wahariri na maimamu. Stima haisikii hoja.

Kisha akapima kibanda bila kuombwa. Ubao wa ubavu wa kitanda unahitaji nafasi mbele ya msumeno na nafasi nyingine kama hiyo nyuma. Nyuma ya kibanda ni jiko la Saadia. Nikapendekeza tutoboe tundu ukutani, ubao upite.

Saadia alikuwa mlangoni, akaniita baba wa Hibo kwa Kisomali chetu. "Aabe Hibo, huo ubao ukiingia jikoni kwangu, nitaupika."

Fundi alicheka mpaka akaangusha kipimo chake. Nikawachukia wote wawili. Yusuf zaidi, ambaye hata hakuwepo.

Jumanne, 14 Oktoba

Yusuf amekatwa na msumeno wake.

Ubao uliyabana meno, ukarushwa nyuma, mkono ukavutwa kwenye diski. Ncha ya kidole cha shahada imekwenda. Ameshonwa. Ataishi, alhamdulillah.

Saadia amelia mchana kutwa. Baada ya magharibi akauliza, bila kuniangalia: "Siku ile, mbona hukusema mashallah?"

Kwa hilo nina majibu ya kujaza ukurasa. Nilimpa mawili, akaondoka kabla ya la tatu.

Hakuuliza kama niliona kinga haipo. Niliona. Ujumbe wa maneno manne ungetosha: Yusuf, rudisha ile kinga. Mimi ambaye sijawahi kumnyamazia mtu, niliyanyamazia hayo. Nilikuwa nayahifadhi kwa ajili ya arusi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hibo amekuja karakana. Akasimama karibu na benchi, akapitisha kidole kwenye randa. "Aabe, kitanda sasa ni chako."

Maneno hayo niliyataka mno. Yameingia kama kibanzi chini ya ukucha.

Na bado nilifurahi. Kidogo, lakini nilifurahi. Naandika kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Nilirudi dukani adhuhuri. Nikachukua wa mkanda. Muuzaji akauliza kulikoni na ule mkubwa. Nikasema nyumba yangu ni ndogo.

Jumapili, 2 Novemba

Mashine imesimama pembeni, imefungwa sakafuni. Stima ya nyumbani inaitosha. Gogo la kwanza la mathenge limepasuka taratibu, ndani jekundu. Ubavu mmoja wa kitanda umekamilika: vipande vifupi vilivyounganishwa. Saadia ameleta chai hadi kibandani. Hakuwa amefanya hivyo tangu Yusuf aumie.

Nimemtumia Yusuf video. Yeye peke yake, si kundi. Nilitaka kuandika kitu chini yake. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Ikaenda bila neno.

Jibu limekuja alasiri. Ni ujumbe wa sauti, kuandika bado kunamsumbua. Amesema mashallah, polepole, akarudia. Kisha: "Shemeji, kinga ya mkanda umeiacha juu sana. Ishushe, ikaribie ubao."

Nimeisikiliza tena, peke yangu.

Nimekwenda karakana. Nimeishusha.